Mama mukwe alinikuta magoti chini mu salon

Leo mama mukwe yangu alinikuta mu salon ya nyumba yetu, magoti na mikono chini, sawa mutoto mwenye anatambaa.

Mimba iko ya miezi saba. Tangu wiki mbili maumivu inatoka mu tako, inashuka mupaka ku kisigino. Sage-femme, mukunga wangu, aliniambia ni nerf sciatique, mushipa kubwa ya muguu: nipige magoti, niweke mikono chini, nitikise kiuno polepole.

Basi niko pale, macho nimefunga, maumivu njo inaanza kutulia. Nikasikia mulango.

Mama mukwe, ametoka kwake Mitwaba bila kutuambia, kuku mu mukono.

Mwenye kujua heshima ya bakwe atanihurumia. Kitu ya kwanza aliona ni matako yangu.

"Mutoto anatoka?"

"Hapana, mama. Muguu njo inaniuma. Nikikaa hivi, inatulia."

Akaniangalia. Akaweka kuku chini, akavua viatu, akapiga magoti kando yangu.

"Nilibeba mimba munane na hii maumivu. Hakuna mwenye aliniambia kama ukikaa hivi inatulia."

Tukatikisa viuno sisi babili. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

"Mukamwana, siwezi kusimama."

Na mimi sina nguvu ya kumuinua. Tukangoja vile mupaka bwana yangu arudi kutoka kazi ku Ruashi.

Akafungua mulango, akatuona, akafunga. Kisha tukasikia anapiga hodi, ku nyumba yake mwenyewe.

Muguu iko muzuri. Mama anasema kesho tufanyie karibu na fauteuil, kile kiti kubwa ya salon, tupate pa kujishika.

Bamama, ninyi bamama mukwe benu balibakuta namna gani?