Kioo Uchi cha Gari la Patron

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya reli hapa Kindu nilipewa ndoo, majivu na matambara, nikaambiwa nisafishe madirisha ya behewa la daraja la kwanza. Nilikuwa nimetoka shule juzi juzi, nimevaa shati jeupe alilonipigia pasi mama, na kichwani najiona fundi tayari. Kufika adhuhuri shati lilikuwa jeusi mpaka kwenye kola. Shefu wa karakana, Papa Mukendi, Mluba wa Kasai, akaja nyuma yangu, akasogeza uso karibu na kioo na kufumba jicho moja.

"Nani alikuambia hii iko safi?"

"Mimi naona iko safi, Shefu."

"Wewe unaona. Na muntu mwenye amelipa tiketi, yeye ataona nini? Anza tena."

Nilinung'unika, wallahi. Lakini nilianza tena, na hivyo ndivyo kazi ya vioo ilivyonishika. Ninyi vijana mnaopita na mapikipiki yenu mkinipigia honi na kuniita Papa Vitre, yaani Baba Kioo, jina hilo lilianzia pale.

Kioo cha behewa kilikaa ndani ya fremu ya mbao. Tulikibana kwa kabari, tukaziba kingo kwa lami laini, kisha tukapiga misumari midogo pande zote. Reli ilikuwa na sheria moja juu ya kioo: kisicheze. Kioo kikilegea, njia nzima kitalia, na abiria atashuka amekasirika hata kama treni imefika mapema. Walinituma Kibombo msimu mmoja kuangalia mabehewa yaliyolala pale, na mkubwa wa kituo, mtu mfupi aliyevaa filimbi shingoni hata akiwa anakula, alikuwa akipita akigonga kila dirisha kwa kidole. Likitoa mlio, anapiga filimbi. Nikikumbuka mpaka leo nacheka. Lakini mikono yetu ilifundwa hivyo: kaza, kaza tena, halafu kaza mara ya mwisho.

Nilirudi Kindu, nikapanda kidogo, nikawa msaidizi wa Papa Mukendi. Halafu vita ikaja. Treni zikasimama, majani yakaota katikati ya reli. Papa Mukendi akafungua garaji ndogo nyuma ya depo, akaniita. Tukawa tunatengeneza milango ya malori na vioo vya jeep. Baadaye barabara nazo zikafungwa. Ukitoka nje ya mji kutafuta mihogo, hujui kama utarudi. Kilichoingia Kindu kiliingia kwa ndege, na kilichotoka kilitoka kwa ndege.

Sasa, katika mji huo wenye mashimo kuliko barabara, mnunuzi mmoja wa mawe ya madini ya Punia alikuwa na gari la michezo. Sote tulimwita Patron. Gari lilikuja kwa treni ya mwisho mwisho kabla ya vita: jekundu, viti viwili tu, tumbo lake chini kabisa. Kazi yake ilikuwa kutoka nyumbani kwa Patron mpaka uwanja wa ndege na kurudi, polepole kama bibi harusi. Milango yake haikuwa na fremu juu. Ukifungua mlango, kioo kinabaki kimesimama peke yake. Papa Mukendi alikiita kioo uchi.

Watu wa malori wana tabia moja: mlango wa lori wanaufunga kwa kushika fremu juu ya dirisha na kuusukuma kwa nguvu. Mlinzi wa Patron alikuwa mtu wa malori. Siku moja akakamata kioo uchi cha upande wa kulia pale juu, akasukuma vile alivyozoea. Kioo kikamwagika chote barabarani.

Patron akaja garajini mwenyewe. Hakuwa mtu mbaya, niseme ukweli, lakini alikuwa mfanyabiashara mpaka kwenye mifupa. Alijua kwamba Papa Mukendi ana mtoto mgonjwa. Kindu nzima ilijua. Ngalula, kitinda mimba wake, alikuwa na uvimbe tumboni uliokuwa ukikua, na daktari wetu alisema wazi: hapa hakuna dawa ya kumlaza, hapa hakuna hata uzi wa kumshonea, mpelekeni Goma. Mpelekeni na nini? Nafasi ya ndege ilikuwa ya wenye bunduki na wenye mawe.

"Mukendi," Patron alisema, "gari yangu inaenda Goma na ndege ya Jumamosi. Kule iko muntu anainunua. Lakini hawezi kununua gari yenye kutoboka. Unifungie ile dirisha, mutoto wako na mama yake watapanda."

"Na kama nikishindwa?"

"Ukishindwa gari inabaki, na nafasi yake nitaweka mawe."

Papa Mukendi akatikisa kichwa kukubali. Mke wake, Mama Kapinga, alikuwa amesimama mlangoni na sahani ya mboga. Akakaa chini palepale kwenye tairi.

Niwaeleze ugumu wake. Kioo cha mlangoni hupikwa kiwandani mpaka kiwe kigumu. Ukijaribu kukikata kinasambaratika kama chumvi ya mawe. Kioo cha mbele ni tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando, na hicho chaweza kukatwa ukiwa na subira. Tulikuwa na kimoja tu, cha lori lililokufa, na mviringo wake ulikaribia kidogo ule wa gari la Patron. Papa Mukendi akakikata vizuri kabisa, akakisugua kingo kwa jiwe na maji, akatoboa matundu mawili ya chini. Nilikuwa nimeshika taa. Nikajisemea, Ngalula amekwenda Goma.

Kioo uchi kinashikwa chini tu, ndani ya tumbo la mlango, kwa vibanio viwili. Vibanio hivyo vinapanda na kushuka kwenye njia mbili za chuma, vikivutwa na motor ndogo ya umeme. Kila kibanio kinataka mpira laini na mkono mwepesi, maana kioo lazima kipate kuhema kidogo. Papa Mukendi alikuwa hajalala vizuri tangu Patron aje. Akaingiza bulo ya kwanza, skrubu ya kibanio, akakaza. Akakaza tena. Nilifungua mdomo nimwambie "Shefu, polepole," na mkono wake, ule mkono wa reli, ukakaza mara ya mwisho.

Mlio ulikuwa mdogo. Ufa ukapanda kutoka tunduni mpaka juu.

Papa Mukendi alikaa akiutazama ule ufa, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Saidi, nimemuua mutoto yangu."

"Usiseme hivyo, Shefu! Mungu hajafunga."

Nilisema tu. Sikuwa na kitu mkononi wala kichwani.

Mama Kapinga ndiye aliyetutoa. Alikuwa amekuja kuchukua sahani yake, akaona ufa, akausogelea. Halafu akauliza, "Na ile ndege yenye ilianguka? Yenye watu walikata mabawa wakatengeneza sufuria? Haina madirisha?"

Ndege ndogo hiyo ilikuwa imelala kando ya uwanja. Chuma chake chote chepesi kilikwisha kuwa sufuria za Kindu, lakini kioo chake cha mbele kilibaki kwa sababu hakipiki ugali. Nacho si kioo. Ni plastiki nene, ngumu, inayopitisha mwanga. Inakatwa kwa msumeno, na ikipata moto sawasawa inalegea, unaipinda utakavyo. Tulimwomba mlinzi wa uwanja, akatuacha tuichukue.

Moto sawasawa tungeupata wapi? Moto wa makaa unaunguza hapa na kuacha pale. Ilitakiwa tanuru. Na tanuru ya udongo ilikuwa Alunguli, ng'ambo ya Lualaba, kwa Mama Zaina aliyekuwa akioka mikate zamani unga ulipokuwa ukiingia. Tukavuka kwa mtumbwi, mimi nimekumbatia ile plastiki, Papa Mukendi amekumbatia kioo kizima cha upande wa kushoto tulichokifungua kiwe kalibu. Mviringo wa kushoto na wa kulia ni ule ule. Tofauti iko kwenye kukata.

Mama Zaina hakuuliza mengi. Akawasha. Kwa muda mrefu tanuru ile ilikuwa haijatoa moshi, na sisi hatukufikiria jambo hilo hata kidogo. Moshi ulipopanda juu ya mapaa, Alunguli nzima ikauona. Watu wakaanza kuja na sahani, na mabeseni, na watoto mgongoni. Wakapanga foleni wenyewe.

"Mukate iko?" mzee mmoja aliuliza.

Mimi nilitazama chini. Aibu ilinikamata kabisa, ingawa hatukuwa tumemdanganya mtu. Papa Mukendi akasimama mbele yao, akavua kofia.

"Ndugu zangu, mukate hakuna. Tunapika dirisha. Ni ya gari ya tajiri, lakini dirisha hii ndiyo itabeba mutoto yangu kwa daktari. Munisamehe."

Mama mmoja aliyebeba mapacha akasema, "Basi pikeni vizuri," na Mama Zaina akapaza sauti kutoka nyuma, "Moto utabaki! Mwenye muhogo alete, mwenye ndizi alete, nitachoma bure!" Wengine wakacheka, wakaenda kutafuta. Wengine walibaki kutuangalia tukifanya kazi, sahani zao mikononi. Mpaka leo sijui tajiri gani amewahi kuheshimiwa kama tulivyoheshimiwa na watu wale wenye njaa.

Tuliifunga plastiki kwenye blanketi la pamba isipate alama, tukaiingiza. Ilipolegea kama jani la mgomba lililobabuliwa, tukaitoa haraka, tukailaza juu ya kile kioo cha kushoto kilichokuwa kwenye kitanda cha mchanga, tukaishikilia mpaka ikapoa. Papa Mukendi akafumba jicho moja, akatazama mstari wake. Akanitazama. Mstari ulikuwa sawa; akavaa kofia yake.

Kukikata na kukifunga kulitaka siku nzima. Kuna skrubu za kimo, kuna za kusogeza mbele na nyuma, na kuna za mwinamo, yaani jinsi kichwa cha kioo kinavyolalia ndani kuelekea paa. Mlango ukifungwa, kioo kinatakiwa kuegemea mpira wa paa na kuusukuma kidogo. Kikisukuma mno, mlango haufungi. Kisiposukuma, mvua inaingia. Tulitumia karatasi ya pakiti ya sigara. Unaiweka kati ya kioo na mpira, unafunga mlango, unavuta. Ikitoka bure, bado. Ikikataa kabisa, umezidisha. Inatakiwa itoke kwa shingo upande. Tulivuta karatasi kila mahali kuzunguka mpira wote. Safari hii Papa Mukendi alinipa mimi funguo za kukazia, yeye akashika karatasi.

"Mikono yangu iko ya behewa," alisema. "Fanya wewe."

Patron akaja, akamwaga ndoo ya maji juu ya paa, akaingia ndani na kupapasa kiti. Kikavu. Papa Mukendi alimwambia waziwazi kwamba ile si vitre, ni plastiki ya ndege. Patron akagonga kwa kidole, akacheka. "Kama iliruka mara moja, itaruka mara ya pili. Jumamosi."

Jumamosi ndege ilijaa. Askari, wake za askari, magunia. Rubani akasema kiti hakuna. Nilidhani mambo yamekwisha, lakini Patron alishika neno lake: akafungua mlango wa gari lake, akaonyesha vile viti viwili. Mama Kapinga akaketi upande wa usukani, Ngalula upande wa kulia, nyuma ya dirisha letu. Rubani akaamuru betri itolewe kwanza, kwa hofu ya moto, kwa hiyo kioo kile hakikuweza tena kushuka. Upande wa mama kilikuwa kimeachwa wazi kidogo kwa hewa. Wapakiaji wakafunga gari zima kwa kamba, milango pamoja, wakaanza kulisukuma juu ya mbao kuingia tumboni mwa ndege. Mapropela yalikuwa yanazunguka tayari. Papa Mukendi alitembea kando ya dirisha akisema na mtoto wake, mimi ubavuni pake, mpaka wakatuzuia.

Ngalula alipasuliwa Goma, akapona. Habari hiyo ilitufikia kwa mdomo wa msafiri, na Papa Mukendi alinikumbatia mbele za watu, yeye ambaye hata mkono alitoa kwa kubania. Masika yaliyofuata homa ikamchukua Papa Mukendi mwenyewe. Ndege za kurudi hazikuwa za watu kama sisi, na treni ilikuwa bado imelala, hivyo Mama Kapinga na Ngalula hawakuweza kuja. Tulimzika mimi na wafanyakazi wa reli.

Mimi niliendelea na vioo mpaka macho yakakataa. Sasa nimestaafu, nakaa barazani, nasikia motor za milango zikipita na kujua ipi imechoka. Mnapenda kuniuliza kazi gani ilikuwa kubwa kuliko zote, na mimi nilikuwa nikijibu ile ya Patron, kwa sababu maji hayakuingia ndani. Nilijivunia hivyo kwa miaka mingi.

Kiangazi hiki mwanamke mmoja alibisha hodi kwangu, mtu mzima, amevaa kitenge kizuri, ana uso wa Papa Mukendi kabisa. Nilimpeleka kaburini. Tuliporudi nilimpa chai, akaisogeza kando.

"Papa Saidi, siku ile kwenye ndege, Papa alikuwa anasema nini? Niliona mdomo wake. Sikusikia kitu. Ile dirisha mliifunga sana."

"Wewe ulifikiri nini?"

"Nilifikiri ananigombeza. Nyumbani alikuwa hataki tuguse vioo, kwa sababu ya alama za vidole. Niliweka mukono yangu pale, naye akaweka yake inje, karibu tushikane. Halafu akaanza kusema kwa nguvu. Nikaogopa, nikatoa mukono, nikaikalia. Tangu utoto nabeba hiyo: siku ya mwisho nilimuudhi baba."

Nilikuwa ubavuni pake siku ile. Nilisikia kila neno.

"Mwanangu," nilimwambia, "hakuwa anakugombeza, mapropela yalimfanya apaze sauti. Alianza kusema Mungu akulinde, wewe ukatoa mkono, basi akaacha maneno mengine yote. Alikuwa anakubembeleza: 'Mamu, rudisha mukono. Rudisha mukono.' Ndiyo hiyo tu, mpaka wakamzuia."

Aliniomba niseme tena. Nikasema tena, kwa sauti ya baba yake, kadiri nilivyoweza.