Tulimwombea Baba Akasirike

Wanaume wa ukoo wetu hawapigi wake zao. Wanalisema hilo kwa majivuno, msibani, harusini, hata wakiwa wamepanga foleni kupima ufuta, kana kwamba kutompiga mtu ni kazi ya kutoka jasho. Nimelisikia tangu utotoni kijijini kwetu, upande wa Mnero, na nikalirudia mwenyewe siku niliyokwenda kuposa, mbele ya wakwe zangu, nikiwa ndani ya kanzu ya kuazima. Sisi hatupigi. Hakuna aliyeongeza kwamba hatupigi kwa sababu tunasusa, na kususa kunatutosha.

Baba yangu alikuwa bingwa wa kususa chakula. Mama anapika, anatenga, anamletea maji ya kunawa. Baba ananawa taratibu, kidole kimoja kimoja, mpaka mama anaanza kuamini kwamba leo mambo shwari. Kisha anajifuta mikono, anautazama ugali, anasema, "Nimeshiba." Basi. Hapazi sauti. Hasemi kosa ni lipi. Anahamia upande wa pili wa nyumba na redio yake, na mama anabaki na sahani aliyoifunika kwa sahani nyingine, anaanza kujipekua kama mtu aliyepoteza ufunguo. Ni chumvi? Ni salamu aliyompa wifi yake jana? Ni kuchelewa kisimani? Alitakiwa kukisia, na akikosea, sahani ilifunikwa tena jioni, na tena kesho yake.

Safari moja alisusa siku sita. Mwishoni ikajulikana kwamba mama alimwambia jirani kuwa nyumba yetu inavuja. Jirani mwenyewe wakati huo alikuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, na beseni mkononi, akitusaidia kukinga maji. Mwaka mwingine alisusa futari. Mtu amefunga tangu alfajiri kwa ajili ya Mungu, jua limezama, adhana imelia, yeye anaunganisha saumu kwa ajili ya hasira zake. Nina hakika alikula tende msikitini. Uso aliorudi nao haukuwa uso wa mwenye njaa.

Kwa desturi ya nyumba yetu, ikifika siku ya tatu mke anatuma habari kwa mjomba wa mumewe. Mjomba anakuja na baiskeli, anakohoa uani, anateta na mpwa wake, kuku anachinjwa, na yule aliyesusa anaonja mchuzi kwa uso wa mtu anayewafadhili wenzake. Kuku alikuwa wa mama. Yeye ndiye aliyemfuga, akamkimbiza, akamnyonyoa, akampika, na mwisho wa yote yeye ndiye aliyepiga magoti kuomba radhi kwa kosa ambalo mara nyingine hata hakutajiwa. Wanaume wawili wazima walikaa hapo wanachokonoa meno, wanaiita hiyo suluhu.

Ningependa kusema kwamba sisi watoto tuliumia. Hatukuumia. Tulifurahi. Chakula kilichosuswa kilikuwa chetu. Siku za kawaida baba alikula samaki na sisi tukala habari za samaki, yaani mchuzi. Siku ya kususa, sahani nzima ilishuka kwetu. Kwa hiyo tulijifunza kuusoma uso wake kama wakulima wanavyosoma mawingu. Nikiwa na miaka minane hivi nilimwona mama anakaanga samaki mkubwa aliyeletwa kutoka Lindi, na nilipotoka madrasa nikainua mikono, nikaomba kwa moyo wangu wote kwamba baba akasirike. Dua ilipokelewa. Nilikula kichwa chote, nikalamba vidole. Mama alikuwa amekaa kizingitini, hatua tatu kutoka nilipokuwa, na sikumtazama hata mara moja.

Sasa mimi ni mtu mzima, naishi Ruangwa mjini, natengeneza mashine za kupulizia dawa mikorosho. Mke wangu nilimtoa Mbekenyera, kwenye nyumba ya watu wanaogombana kwa sauti. Siku ya kwanza kukaa kwao kama mkwe nilitamani ardhi inimeze. Baba mkwe alilala mpaka jua limepanda, na mama mkwe akampigia kelele kutoka jikoni, "Wewe umelala, ngedere wanamaliza mahindi!" Naye akajibu kutoka ndani, "Kelele zako ndizo zinazowaita!" Wakajibizana hivyo, mimi mkwe mpya nimeinamisha kichwa kwa aibu, na dakika kumi baadaye wako kwenye sinia moja, mama mkwe anamsogezea mumewe mnofu. Niliwaona washamba. Nilimwambia mke wangu kwamba kwetu watu wana staha.

Staha yangu ilikuwa hivi. Nikikasirika, saa saba mchana nilipita kwa mama ntilie karibu na stendi, nikala wali maharage, nikashushia na maji baridi, kisha nikarudi nyumbani kunawa mikono taratibu na kusema nimeshiba. Baba yangu angalau alikaa na njaa, au tumpe heshima hiyo. Mimi nilisusa nikiwa na tumbo limejaa, na nilitaka nionewe huruma. Mama ntilie alinijua. "Umesusa tena, kaka?" aliniuliza siku moja, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria. Nikamwuliza amejuaje. "Wateja wangu wa saa saba ni wa aina mbili," akasema, "wasio na wake, na waliosusa. Waliosusa wanaangalia nyuma wakati wanakula."

Kisa cha mwisho, ninachotaka kukisimulia, kilianza kwenye kibanda changu cha kazi. Mteja alikuja kuchukua mashine yake. Nikamwambia ipo tayari. Mke wangu, aliyekuwa ameniletea chai, akasema, "Lakini asubuhi si ulisema haijatengemaa?" Ni hilo tu. Nilitabasamu mbele ya mteja, na mchana huo nikanawa mikono nikasema nimeshiba.

Siku ya pili, vile vile. Siku ya tatu nikasubiri aite mjomba wangu kutoka Nachingwea. Hakuita. Siku ya nne nikaanza kuugua kwa makusudi, nikitembea nimeshika ukuta. Siku ya sita akaniuliza, mara moja tu, "Nimekukosea nini?" Nikasema, "Hakuna kitu." Akasema, "Sawa, nimeuliza." Na kila mchana binti yetu wa miaka saba alinijia mlangoni na macho makubwa, akiuliza, "Baba, leo umeshiba?" Nikampapasa kichwa. Nikadhani katika nyumba ile ni yeye peke yake anayenihurumia.

Siku ya nane mke wangu alikaa mbele yangu, hakulia. "Mume wangu," akasema, "mimi sitaita mtu aje kunibembelezea mtu mzima. Wala sitakisia. Kwetu mtu akikasirika anasema. Kama hutaki kusema, basi nitaelewa kwamba unataka niondoke na unaona haya kunifukuza. Ijumaa nachukua mtoto naenda Mbekenyera, na sitauliza tena." Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilimjibu kwa namna ninayoijua: nilikwenda upande wa pili wa nyumba. Alhamisi asubuhi nikapanda gari la Nachingwea kumfuata mjomba mwenyewe, maana mke amegoma kufanya wajibu wake. Ndiyo, mtu mzima mwenye ndevu, niliacha kazi nikaenda kumtafuta mzee aje kuniomba nile.

Nilipita kwanza kwa baba. Mama alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, na msibani kila aliyefungua mdomo alimsifu baba kwamba hakuwahi kumwinulia mkono. Nilimkuta ndani, mchana, shangazi yangu amemletea ugali wa muhogo na mbaazi, akanitengea na mimi, akaondoka. Ugali ulikuwa umeungua upande mmoja. Baba alikuwa anaula upande ule ule ulioungua, haraka haraka, bila neno. Sijawahi kumwona baba anakula hivyo. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza shitaka langu lote: mashine, mteja, chai, mke asiye na adabu, siku tisa. Nilitegemea atikise kichwa kwa masikitiko na kusema wanawake wa siku hizi.

"Mama yako alipolazwa," akasema, "mimi nilikuwa nimesusa."

Sikujua hilo. Nikamwuliza ilikuwa siku ya ngapi.

"Ya nne. Aliniuliza pale pale kitandani, nimekukosea nini. Nikamwambia hakuna kitu. Keshoye akafa."

"Alikuwa amekukosea nini?"

Baba alitafuna, akameza. Akatazama kwenye mbaazi kama jibu limeangukia humo.

"Nke wangu yule," akasema. "Sikumbuki, mwanangu. Nimejaribu. Sikumbuki."

Nilitaka kumwonea huruma, nikashindwa; dharau ilifika kwanza. Mwanamke alikufa akiwa anajipekua, anatafuta chumvi ipi, salamu ipi, na aliyekuwa na jibu amelitupa kama kokwa la ubuyu. Nilimtazama mzee yule aliyesifiwa na kijiji kizima na nikaona mtu mdogo sana. Kisha nikakumbuka nilichofuata. Mimi nilikuwa nimesafiri kutoka Ruangwa nimebeba upuuzi ule ule, na tofauti yetu ilikuwa moja tu, kwamba wangu bado nilikuwa naukumbuka. Nilijaribu kuutamka kimoyomoyo kama nitakavyoutamka mbele ya mke wangu. Ulichekesha. Nadhani hiyo ndiyo sababu ya wanaume wa ukoo wetu kutousema.

Baba aliiona sahani yangu sijaigusa. "Kama huli, lete," akasema. Akaivuta, akaila yote.

Sikwenda kwa mjomba. Nilirudi Ruangwa siku hiyo hiyo, nikafika alasiri. Mlangoni palikuwa na begi la mke wangu limefungwa zipu, na juu yake viatu vya shule vya binti yetu. Walikuwa wamechelewa kula, wamekaa mkekani, wali na samaki katikati. Binti akaniona, akainuka na sahani yake mkononi. "Baba, umeshiba?"

"Hapana," nikasema. "Nina njaa."

Nikakaa. Nimewahi kubeba mashine mbili begani kutoka Nandagala nikaona nafuu kuliko kutamka sentensi ile niliyokuja nayo. Nikamwambia mke wangu kwamba siku ile kibandani aliposema mashine haijatengemaa, mbele ya mteja, niliona aibu, na nilikasirika.

Akaniuliza, "Mashine ilikuwa imetengemaa?"

"Haikuwa imetengemaa."

"Ningekwambia pembeni," akasema. "Hapo nilikosea, nisamehe." Mimi nikaanza kupumua. "Na siku tisa?"

Nilitafuta mahali pa kuzitupa zile siku tisa. Kwa mteja, kwa baba, kwa ukoo. Mke wangu alikuwa ananisubiri, na begi lilikuwa pale mlangoni.

"Siku tisa ni zangu," nikasema. "Nisamehe."

Hakucheka, ingawa ningependa acheke. Alinisogezea maji, nikanawa, safari hii kama mtu anayetaka kula, akaniwekea wali, na juu yake kichwa cha samaki, kama alivyokuwa akiniwekea siku zote tisa. Begi hakulifungua siku hiyo wala Ijumaa. Lilikaa pale mlangoni mpaka Jumapili, nami nikawa nalikwepa kila nikipita, na sikumlaumu.

Nilimega, nikapeleka mkono kwenye kichwa cha samaki. Binti yetu alikuwa bado amesimama na sahani yake tupu, anautazama mkono wangu. Kipande cha kwanza kilipoingia mdomoni mwangu, akaangua kilio kikubwa, kilio cha mtu aliyenyang'anywa.

Mama yake alishtuka, akamvuta, akamwuliza anaumwa wapi, nani amempiga. Mimi sikuuliza. Katika nyumba ile nilikuwa mtu pekee aliyejua mtoto huyu alikuwa ameomba nini kwa siku tisa, na kwamba alikuwa akipewa. Nikachukua kichwa cha samaki kilichobaki nikakiweka kwenye sahani yake, nikamwambia akae karibu na mimi, ale.

Alikaa. Alikula huku anafuta kamasi kwa mkono wa kushoto, na kila baada ya tonge aliinua macho kunikagua usoni, kuhakikisha kama kweli sijakasirika.