Koplo Asiyesema Enhe

Nyumba ya koplo mstaafu Masolwa iko kando ya barabara ya Kwihara, palepale walipokuwa wakipita wapagazi wa zamani na pembe mabegani, wakiimba mpaka vumbi linawakaba koo. Watu wa Tabora ni wasemaji tangu enzi hizo. Msalimie mtu sokoni, utaondoka unajua habari za ng'ombe wake, za mkwe wake na za jino linalomsumbua. Masolwa peke yake ndiye aliyetoka kombo. Salamu anaitikia, tena kwa heshima zote. Baada ya hapo anainamisha kichwa upande wa kushoto, anafumba macho nusu, na kukusikiliza mpaka unaanza kujishuku.

Mkewe, Tekla, husema jeshi ndilo lililomharibu. Na hasemi kwa kificho, husema mbele yake.

Ujanani, wakati wa vita, Masolwa aliwekwa kwenye kituo cha simu ya upepo huko porini: nyumba mbili za bati na milingoti mirefu iliyoshikwa na nyaya. Kazi yao haikuwa kupiga simu, ilikuwa kuwasikiliza maadui wakipigiana. Unavaa hedifoni, unasikia ti-ti-taa kama panzi walioingia kwenye debe, unaandika herufi kama zinavyokuja bila kujua zinasema nini, na karatasi inachukuliwa na wakubwa. Masolwa alikuwa fundi. Alifika mahali akawa anawatambua wapigaji wa upande wa pili kwa jinsi mikono yao inavyogonga tu. Mmoja alikuwa na haraka kama ameitiwa chakula. Mwingine alikuwa mzito, anavutavuta, na huyo alimpa jina la Kobe. Siku Kobe alipotoweka hewani asirudi tena, Masolwa alishindwa kula, na hakuwa na wa kumwambia kwamba amefiwa na adui.

Amri ya kituo ilikuwa moja: masikio wazi, mdomo hakuna. Ukituma hata mlio mmoja, adui anajua ulipo. Tena usikate shauri katikati. Sikiliza mpaka mpigaji mwenyewe atoe alama kwamba amemaliza.

Vita vikaisha, miaka ikaenda, Masolwa akastaafu. Bunduki alirudisha, sare alirudisha, ile amri akaja nayo nyumbani. Tekla akimweleza jambo haambiwi "enhe", wala "ehee", wala "kumbe". Mwaka wa kwanza alilia. Baadaye akazoea kujiitikia mwenyewe.

"Baba Julieth, mbuzi wa jirani ameingia kwenye mahindi. Enhe, mke wangu, ikawaje? Nikamfukuza. Umefanya vizuri sana, mama."

Masolwa alikuwa akiyasikia yote hayo, na kimoyomoyo aliona wanaongea vizuri tu.

Hayo hayakumdhuru mtu mpaka ilipokuja posa ya Julieth, mtoto wao wa pekee, muuguzi katika zahanati moja ya mjini. Julieth na Erasmus, fundi umeme wa Manyoni, walikuwa wamengojana muda mrefu. Erasmus amelelewa na baba yake mdogo, Mzee Silasi, na alishamwambia Julieth waziwazi: "Baba mdogo akikataliwa mahali harudi tena, na mimi siwezi kuoa juu ya neno lake." Kwa hiyo nafasi ilikuwa moja.

Kwa desturi, baba wa binti huwa na msemaji. Walimpanga Adinani, jirani ambaye kusema kwake hakuna breki. Asubuhi ya siku yenyewe Adinani akapiga simu kwamba amekwama Puge, basi limeharibika.

"Basi utasema mwenyewe," Tekla akamwambia mumewe.

"Niseme neno gani?"

"Neno lolote, Baba Julieth! Hata ukikohoa watashukuru."

Mzee Silasi akaja na dada yake Theodora. Wao ni Wagogo, na Wagogo na Wanyamwezi kama Masolwa ni watani tangu misafara ile, kwa hiyo Silasi alianza kwa mbwembwe.

"Babu zenu walipokuwa wakipita kwetu kwenda pwani, ndimi nje, sisi ndio tuliowapa maji. Leo zamu ni yetu. Tuna kijana anatafuta jiko, na moshi tumeuona hapa."

Akanyamaza kidogo aitikiwe. Kimya. Masolwa alikuwa ameinamisha kichwa.

Silasi akaendelea, mbwembwe zimepungua. Akamsifu Erasmus: mchapakazi, halewi. Akangoja. Kimya. Jasho likaanza kumtoka, na mtu mwenye jasho husema hata asichoulizwa. Akaeleza kwamba kijana anakoroma. Akaeleza kwamba aliwahi kuunguza redio ya mchungaji akidai anaitengeneza. Theodora akamfinya. Masolwa alikuwa anastarehe. Mpigaji huyu, alijisemea, anasikika vizuri, hana mikwaruzo; ngoja atoe alama ya mwisho.

Alama haikutoka. Silasi alitazama dari, akatazama miguu yake, akachukua kofia.

"Tumesikia," alisema. Wakatoka bila kufunua hata sahani.

Masolwa akafumbua macho. "Wanakwenda wapi? Mbona hajasema amemaliza?"

"Kamalizwa na wewe!" Tekla akamjibu, na safari hii hakuwa akitania.

Julieth akaja kutoka jikoni, macho mekundu. "Baba, Erasmus amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Na mzee wake nimempenda sana. Hajui kudanganya yule. Hata alipofika kwenye kukoroma, sauti yake ilikuwa ileile."

"Umempenda?"

"Sana."

"Sasa yeye atajuaje?"

Maisha yake yote Masolwa aliona kusikiliza ndiyo heshima kubwa ambayo mtu anaweza kumpa mwenzake. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba yule anayesema hana habari kama kuna mtu upande wa pili. Akamtazama binti yake, akaingia ndani, akatoka amevaa viatu.

Yeye na Tekla walikodi bajaji kwenda stesheni, maana wageni walikuwa wanawahi treni. Njia nzima Tekla alikuwa akimfundisha.

"Sema enhe."

"Enhe!"

"Si kama unaitwa gwaride! Laini."

"Enhe."

"Mzee, jaribu na kumbe," dereva akadakia, na Masolwa, mtu mzima na mvi zake, akajaribu.

Silasi na Theodora walikuwa kwenye benchi na mabegi yao. Theodora alimwona wa kwanza.

"Huyo. Kaja kutusindikiza kwa macho."

Masolwa akasimama mbele yao wima. "Mzee mwenzangu," alianza, "umesema kijana ni mchapakazi. Nimesikia. Umesema halewi. Nimesikia. Umesema anakoroma, na hilo pia nimesikia."

Silasi akainamisha kichwa upande wa kushoto. Akafumba macho nusu.

Masolwa akaendelea. Akasema nyumba yao ni ya amani. Kimya. Akasema mvua mwaka huu si mbaya. Kimya. Abiria wakaanza kusogea. Jamani, kusema na mtu asiyeitika ni kama kushuka ngazi gizani ukakuta ngazi moja haipo. Jasho likamshuka mgongoni.

"Julieth naye," alisikia mdomo wake ukisema, "kusema kweli, wali huwa anaunguza."

"Baba Julieth!"

"Na mama yake, akikasirika..."

"Koma hapohapo!"

"Mtani!" Masolwa akapiga kelele. "Sema basi hata enhe, nakufa mwenzio!"

Silasi akafumbua jicho moja. "Kumbe inauma?"

"Inauma."

Theodora alicheka mpaka kanga ikamdondoka. Silasi akajikaza asicheke. "Babu zako walikuwa wakipita kwetu wanaimba tangu alfajiri, mpaka tukakosa usingizi. Wewe sijui walikuokota wapi. Haya, binti unatupa au hutupi? Sema kwa mdomo, hawa abiria wasikie."

"Nawapa. Nimekubali, tena nimefurahi. Erasmus aje."

"Enheee!" wakaitika abiria, hata wasiojua kinachoendelea.

Treni haijafika Goweko, Silasi alikuwa ameshampigia Erasmus, na Erasmus ameshampigia Julieth. Wazazi waliporudi walimkuta getini, anacheka na kulia, habari yote anayo. Lakini alipoona baba yake amevuta kiti mwenyewe ili asimulie, jambo ambalo hajawahi kuliona, alikaa chini kama mtu asiyejua kitu.

"Ehee, Baba, ikawaje?"

Masolwa akasimulia, kuanzia bajaji, neno kwa neno. Mahali pamoja aliparuka, lakini Tekla, aliyekuwa akipasha chakula moto, alihakikisha pamerudishwa.

"Mwambie na habari za wali!"

Julieth akageuka. "Wali wangu? Mbele ya abiria wote, Baba?"

"Wote," alisema Masolwa. "Na mkata tiketi."