Mlio mdogo kabla ya mlio mkubwa

Jamani, leo hospitalini Njombe nimeona mashine inayopima mtoto anavyoshtuka!

Neema wangu, yule asiyetulia darasani, kavishwa hedifoni na nyaya chini ya jicho. Nami nikaomba kujaribu. Mlio mkubwa ulipolia peke yake niliruka hadi kofia ikaanguka. Neema alicheka huyo!

Daktari akasema, "Baba Neema, kabla ya mlio mkubwa tunatanguliza mdogo. Miili ya wengi hujiandaa, hivyo hushtuka kidogo. Mwili wa Neema haujiandai."

Nikakumbuka kazi yetu. Sisi wapakiaji wa viazi Makambako, kabla ya kumtwika mwenzako gunia unaita, "Pokea!" Usipoita, unamvunja shingo.

Kumbe mwanangu hutwikwa bila kuitiwa, na bado amesimama!

Mwalimu anataka kumfukuza, eti mkaidi. Kesho naenda kumweleza habari ya gunia. Ataelewa kweli?