Cherehani Kumi na Moja za Chumba cha Mbele

Mwaka 1968 nilikuwa na miaka kumi. Mwaka huo baba alikufa kule Mlali, na mimi nikatolewa shule nikiwa darasa la tatu. Sikulilia shule. Niliyokuwa nimeyapata yalitosha: kusoma polepole, kujumlisha na kutoa. Kugawanya nilijifunza baadaye kwenye kitambaa. Hapo ukikosea unamharibia mtu suruali, kwa hiyo unajifunza vizuri.

Mama alinileta Dodoma mjini kwa fundi mmoja mzee, Mwislamu, mzaliwa wa pale pale, aliyekuwa akishonea kwenye baraza la duka. Mwaka wa kwanza nilifagia na kuchochea pasi ya mkaa. Wa pili nilishona vifungo. Mguu wangu haukugusa kanyagio mpaka mwaka wa tatu, na siku nilipoligusa, gurudumu lilizunguka kinyume, uzi ukakatika, nikachapwa futikamba mgongoni. Hayo ndiyo mafunzo yangu. Cheti sina. Nyumba ninamoandikia haya imejengwa kwa mguu huo.

Nasema hivyo ili ieleweke kwamba nilipokuwa na cherehani kumi na moja, sikuwa mtu wa kuokotaokota. Kila moja niliinunua. Mitumba ilipojaa masokoni mafundi wengi waliacha kazi, wengine wakafa, na wajane wao wakawa wanakuja kwangu kwa sababu walijua nitanunua. Zote zilikuwa za miguu ya chuma, nyeusi, zile za zamani zenye maua ya dhahabu, yaliyofutika pale mkono wa fundi unapopita. Nilizipanga chumba cha mbele, ambacho nilikijenga kiwe karakana. Mbili tatu nilizishonea. Nyingine zilikaa tu.

Watu wa huku kwetu wanahesabu ng'ombe. Shemeji zangu, kaka za mke wangu, kila walipokuja walisimama kwenye mlango wa kile chumba wakaniuliza, "Shemeji, hizi nazo zinazaa lini?" Nikawajibu kwamba zangu hazili majani na hazifi kwa ukame. Mke wangu alicheka, lakini alicheka upande wa kaka zake.

Mwaka huu mvua zilipokuwa zinaishia, mke wangu aliteleza uani akavunjika nyonga. Tulimpeleka hospitali kule Mvumi, wakampasua, na kazi yao waliifanya vizuri. Alipoanza kusimama kwa ile fremu ya kutembelea, muuguzi mmoja aliniita pembeni.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

"Nyumbani bibi analala chumba gani?"

"Cha nyuma."

"Kina ngazi?"

"Tatu. Nyumba iko kwenye mteremko."

"Basi hicho hapana. Ngazi asipande kabisa. Mtafutie chumba cha usawa, mlango uwe mpana fremu ipite, choo kiwe karibu. Kama hakuna, itabidi akae kwa ndugu kwanza."

Ndugu ni hao hao shemeji. Wanakaa mbali, na choo chao kiko nje, ng'ambo ya zizi. Mke wangu alikuwa anasikiliza kutoka kitandani. Alisema, "Kwa kaka zangu siendi. Nina nyumba yangu." Muuguzi akamtazama, akanitazama na mimi, akasema tuna siku kumi na mbili za kujiandaa.

Chumba cha usawa nilikuwa nacho kimoja tu. Chumba cha mbele nilikiwekea mlango mpana ili meza za cherehani zipite, sakafu yake ni moja na baraza, na choo cha ndani ni mlango unaofuata. Pa kuzihamishia sikuwa napo. Vyumba viwili vina wapangaji, na nje chuma kinaliwa na kutu. Tena macho yangu hayaoni tundu la sindano tangu mwaka juzi. Kwa hiyo niliamua nauza zote. Sikukaa nalo jambo hilo. Nilimwambia mwenye kibanda cha simu hapo mtaani azipige picha azitangaze.

Wa kwanza alikuja kesho yake. Kijana msafi, gari zuri, anafungua mgahawa huko kwenye majengo mapya ya watumishi.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba. Unataka ya kushonea nini?"

"Sishoni mzee. Nataka miguu."

"Miguu unayo miwili hapo."

Akacheka. Akanionyesha kwenye simu yake. Ilikuwa miguu ya cherehani, imepakwa rangi, juu yake imewekwa ubao, na watu wamekaa wanakunywa kahawa. "Ndiyo mtindo wa sasa, mzee. Nachukua yote kumi na moja leo hii, naleta kirikuu cha mizigo mchana. Vichwa baki navyo."

"Nivifanyie nini?"

"Hata sijui mzee. Uza chuma chakavu."

Nilimwambia atoke. Sikumtukana, nilimwonyesha geti tu. Akaniachia namba yake kwenye kipande cha karatasi, akasema nikibadili mawazo nimpigie. Nikamwambia mimi sibadili. Chumba kingekuwa wazi siku ile ile. Nililijua hilo wakati naongea.

Siku ya tatu alikuja mama mmoja kutoka Bahi. Alikuwa amevuna mpunga, sasa anataka kushona sare za shule. Kwetu sisi mafundi cherehani haiuzwi kwa kutazamwa. Mnunuzi anakuja na kitambaa chake na anakaa mwenyewe. Kwanza anashona bila uzi kwenye karatasi ya gazeti, kisha anainua karatasi kwenye mwanga aone kama matundu yamenyooka. Halafu ndiyo uzi. Mwenye mali haruhusiwi kusema kitu mpaka mnunuzi amalize. Yule mama alijua taratibu. Alikaa, akavua kandambili, akakanyaga peku.

"Baba, hii inakohoa."

"Ipe mafuta."

"Niipe mafuta mimi, wewe mwenyewe ulishindwa?"

Nikaleta mafuta. Akashona kipande cha kaki, akakivuta kwa meno, hakikuachia. Akachukua. Dereva wa bodaboda akafunga meza na miguu nyuma, yeye akakaa katikati na kichwa cha cherehani kimefungwa kanga mgongoni kama mtoto. Nikaona kazi inaenda. Zimebaki kumi.

Siku ya tano akaja fundi wa hapa mjini, mtu wa umri wangu, ambaye tumegombania wateja miaka mingi. Alichagua ya tatu kutoka dirishani. Kwenye gazeti matundu yalinyooka vizuri. Akaweka uzi, akashona, akainua kitambaa. Uzi wa juu ulikuwa umelala tu, haujashikwa na kitu. Akatelezesha bati la chini, akachungulia, akaingiza kidole.

"Fundi," akasema, "unauza cherehani au unauza meza?"

Ndani hakukuwa na kikombe. Kile kikombe kidogo cha chuma kinachoshika bobini, kile kibiringo cha uzi, ndicho kinacholeta uzi wa chini. Bila hicho cherehani inatoboa tu.

Nilimwambia arudi siku nyingine. Alipoondoka nilifungua zote, moja baada ya moja. Vikombe vilikuwa vinne. Cha tano kilikuwa Bahi.

Ilikuwa hivi. Cherehani ikigoma na mteja amesimama mlangoni, unachomoa kikombe cha jirani yake unaweka, unamaliza suruali. Kila fundi anafanya hivyo. Vikichakaa vilitupwa, na vinavyouzwa dukani siku hizi havikai kwenye cherehani hizi za kale, hata ukivipiga tupa. Kwa hiyo vilivyobaki vilihama, leo huku kesho kule, kufuatana na ipi ninayoikalia. Nami kila nilipokalia moja ilishona. Kwa zaidi ya miaka thelathini niliwaambia watu nina cherehani kumi na moja. Nilikuwa nazo tano, na meza sita zenye vichwa vizito.

Siku ya saba nilikwenda Mvumi. Mke wangu alikuwa amekaa kitini karibu na dirisha. Nilianza kumweleza habari ya vikombe, kwamba kumbe zinazoshona hazifiki…

"Tano," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Nilipokuwa nashona sare za kwaya si nilikuwa nakusubiri uchomoe kule uweke huku? Hatukuwahi kukanyaga sita kwa pamoja, hata wakati wa sikukuu ulipoita vibarua. Nilihesabu zamani."

"Mbona hukusema?"

"Kaka zangu walisema ukawajibu nini?"

Muuguzi alikuwa anapita na dawa, akajifanya hasikii.

"Chumba kikoje?" mke wangu akaniuliza.

"Zimetoka moja."

"Moja." Akatazama dirishani. "Baba, mimi mguu huu haunisubiri. Wamenieleza. Nikikaa kitandani mwezi mwingine bila kutembea, sitembei tena. Na huko kwa kaka zangu sitatembea, nitabebwa chooni na wake zao. Sikuolewa ili nizeeke nikibebwa na mawifi. Hivyo vyuma utajua mwenyewe, ila usije hapa Jumamosi ukaniambia bado."

Jumamosi ilikuwa siku ya kumi na mbili.

Nilirudi. Kile kipande cha karatasi kilikuwa bado kipo dirishani. Nilimpigia yule kijana wa mgahawa.

"Umebadili mawazo mzee?"

"Njoo uchukue miguu sita."

"Si ilikuwa kumi na moja?"

"Sita. Tano zinashona."

Bei aliyonipa ilikuwa chini ya ile ya mara ya kwanza, maana alijua nimekwama. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo. Aliniambia tuvifungue vichwa pamoja, nikamwambia aniachie bisibisi. Vichwa sita nilivifungua mwenyewe asubuhi moja. Boliti mbili nyuma, mkanda unavuliwa, kinainuka. Miguu yake ikapakiwa kwenye kirikuu, miwili miwili, makanyagio yakigongana. Kijana aliniuliza kama nina habari yoyote ya zamani kuhusu hizo cherehani, wateja wake wanapenda kusimuliwa. Nikamwambia hazikuwa zinashona.

Yule fundi mwenzangu alirudi. Nilimweleza ukweli wote, pale pale barazani, majirani wakisikia, kwa sababu asingeupata kwangu angeueneza kwa namna yake. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kumi na moja!" akasema. "Na mimi miaka yote hiyo nilikuwa nakuogopa!" Kisha akakaa, akajaribu nne zilizobaki kwa taratibu zote, akachukua moja inayoshona, na vichwa vyote sita kwa ajili ya vipuri. Mbili zilikwenda kwa kikundi cha akina mama wa Mlali. Walikuja watu saba kujaribu, na kila mmoja alitaka gazeti lake.

Ya mwisho ni ile niliyoinunua ya kwanza, ninayoijua kwa mguu hata nikiwa nimefumba macho. Niliisogeza barazani siku ya kumi. Siku ya kumi na moja jirani yangu alisema anaitaka kwa ajili ya binti yake. Binti alikuja na kitambaa cha kitenge, akashona bila kujaribu kwenye gazeti. Nikamrudisha mwanzo. Akashona gazeti, akainua kwenye mwanga, akasema, "Babu, yamenyooka." Nikamwambia sasa weka uzi. Akaipeleka kwao kwa toroli.

Mchana ule nilifagia. Kwenye nyufa za sakafu kulikuwa na sindano zilizovunjika, nikazitoa kwa kisu nikiwa nimepiga magoti, kwa sababu anayetembea na fremu anaburuza mguu. Nilimaliza jua likiwa limeinama. Mpangaji alinisaidia kuingiza kitanda.

Jumamosi nilimleta kwa gari la kukodi. Shemeji wawili walikuwa wamefika kutazama. Fremu ilipita mlangoni bila kugusa. Alitembea mpaka katikati ya chumba akasimama, akapumua, akatazama kuta nne.

"Kitanda umekiweka vibaya," akasema. "Geuza, kichwa kiwe huku. Nataka kuona barabara."

Tulikigeuza, mimi na shemeji zangu. Hawakusema kitu kuhusu cherehani. Nadhani dada yao aliwakataza.

Leo nina hivi. Nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba vinne, bati jipya upande wa mashariki. Wapangaji wawili. Ekari mbili za zabibu. Tangi la maji la lita elfu moja. Cherehani sina. Mke mmoja, anayekwenda chooni peke yake na kurudi. Chuma cha kushikilia ukutani chooni, kimechomelewa kwa pesa ya miguu. Miwani miwili, mmoja umevunjika mkono. Simu ya batani. Viti vya plastiki vinne, barazani.