Kiingereza cha Kinuni

Gervais aliogopa kitu kimoja tu duniani: Pascaline kumwacha. Jitu la miraba minne, lililotoka Fizi, Kongo, kwa miguu na godoro kichwani, linamhofia mwanamke asiyemfika begani! Basi mwaka 2009 Pascaline alipoanza kusoma Kiingereza kanisani, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, presha ikampanda.

"Mama Nathalie, ukijua Kingereza utafuata bazungu, utaniacha hapa na mihogo."

"Baba Nathalie, miye naenda kusoma tu. Sombe nitatwanga."

Gervais akamfichia kandambili. Pascaline akaenda pekupeku. Haya, mzuie huyo!

Mwalimu wa hapo kanisani, Kabanda, alipenda misemo, hasa ya watu wasiokubali kushindwa. Kila jioni Pascaline aliirudia kwa sauti akitwanga sombe, yale majani ya muhogo. Eti kwa Waingereza, anayegoma huchimbia visigino chini. Anayewakaidi wengi huogelea akiupinga mkondo. Anayepigana kufa na kupona hutumia meno na kucha. Twa, twa, twa, Kiingereza chote kinaingia kinuni. Gervais aliketi kando, amenuna, akijifanya hasikii.

"Hivyo visigino ni vya mbuzi akipelekwa soko ya Rugaaga," alidakia siku moja. Pascaline akacheka hadi mchi ukamtoka mkononi. Gervais naye akacheka, kisha akakumbuka kwamba amenuna.

Mvua zilipoanza, malaria ikampata Pascaline, ikampanda kichwani. Wakampeleka hospitali Mbarara. Kesho yake alikuwa hamjui mtu.

"Mzee, wewe ongea na yeye," muuguzi akamwambia Gervais. "Yeye iko nasikia."

Aongee nini? Alianza kuomba, akapotea katikati ya sala. Mkono wake ukaanza wenyewe kugonga ukingo wa kitanda, twa, twa, twa, na mdomo ukafuata. Kiingereza! Visigino, mkondo, meno na kucha, vyote kwa mapigo ya kinu, kwa lafudhi ya Fizi ya kuchekesha. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kumtazama. Hakuona aibu. Alimpenda mwanamke yule kupita kiasi, na hakuwa na kingine cha kumpa. Alipomaliza, alianza upya.

Jioni Pascaline alifumbua macho, akakunja uso.

"Baba Nathalie," alisema kwa sauti ndogo, "umeruka moja."

Gervais akalia kama mtoto, mbele ya wodi nzima.

Siku ya kuruhusiwa kutoka, alipiga goti sakafuni, akatoa mfukoni kandambili zile alizokuwa amezificha, akamvisha mkewe moja moja. Pascaline alizitazama, akamwekea mkono kichwani.

"Twende nyumbani, mama," Gervais akasema. "Siku ya kwanza ya juma tunaenda kusoma, wote wawili."