Kulonga na Mlonge

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa bibi jirani yetu ni ncha za vidole vyake: zilikuwa za kijani, kama za mtoto aliyechezea rangi. Kila asubuhi alichuma majani ya mlonge uliokuwa nyuma ya nyumba tuliyopanga, huku akiusimulia habari za goti lake linalomuuma. "Ndiyo maana ukaitwa mlonge," aliniambia. "Usipolonga nao, unanuna." Majani aliyatandaza kivulini juu ya shuka kuukuu. Siku nilipoyaanika juani ili yakauke upesi, aliyakusanya yote. "Mjukuu wangu, hizi si soksi. Jua litakula kijani chote." Yakikauka aliyatwanga, na unga wake akaugawa kwa kila aliyeugua mtaani, autie kwenye mchuzi. Mbegu alizisaga na kuzikoroga katika ndoo ya maji ya tope, kisha akakaa kando kuyasubiri yatulie, ndipo akachota yale ya juu na kuyachemsha.

Mwenye nyumba alipoukata mlonge ili ajenge ukuta, bibi alikuwa amekwishahamia kwa binti yake. Niliokoa tawi moja tu, nikalipanda katika ndoo aliyoiacha, nikampasha habari. Jana alipiga simu.

"Limechipua?"

"Bado, bibi."

"Unalonga nalo?"

Nikakiri kwamba naona haya, majirani watanicheka.

"Waache wacheke. Likichipua, nakuja kuchuma mwenyewe."

Leo nimeamka mapema, nimelisimulia habari za goti la bibi, na sasa nimeinama kutazama kifundo kimoja cha tawi kilichoanza kuvimba.